Bwana Saa Kumi

Katika kiwanda cha Mikate ya Mwaitu, nyuma ya soko la Machakos, kila mfanyakazi alijua kwamba meneja wao, Bartholomew Muema, ana mambo matatu asiyoyabadilisha siku ya sherehe ya kufunga mwaka. Anafika wa kwanza. Anakata nyama kwa mkono wake mwenyewe na kumpakulia kila mtu, hata waosha kreti, kabla ya kujiwekea. Na ikifika saa kumi alasiri, awe anacheza au anatafuna, anachukua kofia yake anakwenda nyumbani. Soda moja, wimbo mmoja, kwaherini. Ndiyo maana wakamwita Bwana Saa Kumi.

Vijana walidhani anaringa. Wengine waliapa kwamba ni mkewe, Peris, anayemwekea saa. "Mwacheni mtu wa watu," Kamanthe alikuwa akiwaambia, yule mama wa kupakia mikate ambaye kicheko chake husikika mpaka barabarani. "Meneja akikaa sana kwa pati, nyinyi ndio mtalia." Na hapo ananyamaza. Kati ya watu arobaini na mmoja wa kiwanda kile, ni yeye peke yake aliyebaki anayejua sababu, na alikuwa amefunga mdomo wake miaka kumi na minane. Anayemjua Kamanthe atakwambia hilo si jambo dogo.

Sasa mwaka huu, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, ilikuwa sherehe ya mwisho ya Bartholomew. Ametimiza miaka sitini, Januari anakabidhi ofisi kwa binti mmoja hodari aitwaye Wacera, naye arudi shambani kwake Kola akahangaike na maembe. Zawadi hakutaka. Saa ya ukutani hakutaka. Alitaka jambo moja tu: Nzuki aje, na mambo yao yatengenezwe mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo yalipoharibikia.

Huyo Nzuki ni nani? Ah, hapo ndipo pa kurudi nyuma.

Bartholomew alitoka Kola akiwa na miaka kumi na tisa na suruali moja ya maana, akaandikwa kazi ya kuosha kreti. Wakati huo tanuri lilikuwa la kuni, limejengwa kwa matofali, na mkuu wa tanuri alikuwa Nzuki, kijana aliyemzidi miaka mitano tu lakini aliyetembea kama mwenye nyumba. Siku hizi tanuri ni la umeme, mkate ukiiva linalia kengele lenyewe na yeyote anaweza kuutoa. Zamani kengele ilikuwa Nzuki. Alivuta mkate kwa koleo refu la mbao, akaupindua kiganjani bila kuungua, akaugonga kitako kwa kifundo cha kidole, ko ko, kisha akainamisha kichwa kuusikiliza.

"Sikia," alimwambia Bartholomew. "Huu unalia kama mlango wa nyumba tupu. Umeiva. Huu mwingine unalia kama mtu anakuficha kitu. Rudisha ndani."

Bartholomew alijifunza. Alijifunza kugonga, alijifunza kukaa mbali na mlango wa tanuri ukifunguliwa, alijifunza kula mkate wa kwanza wa asubuhi ukiwa moto, bila siagi, wakiwa wameketi juu ya magunia ya unga, huku mji bado umelala na harufu ile imepanda mpaka vilima vya Iveti. Jamani, harufu ile! Hata leo, na ofisi yake ina dirisha kubwa, anasema hajawahi kusikia tena harufu kama ya mkate wa kuni. Kamanthe anamwambia si mkate uliobadilika, ni pua yake iliyozeeka. Huenda kila mmoja ana haki yake.

Baadaye wakampa baiskeli awe anapeleka mikate mpaka Kangundo, kisha wakaona mwandiko wake ni mzuri wakamwingiza ofisini kuwa karani. Ni huko ofisini siku moja Nzuki alipoingia, akafunga mlango nyuma yake, akaweka karatasi mezani.

"Muema, hii karatasi inasema nini?"

Ilikuwa fomu ya likizo. Bartholomew akamtazama, na kabla hajauliza akaelewa. Akamsomea polepole, akafungua kidau cha wino, Nzuki akaweka kidole.

"Niko na watoto," Nzuki alisema akijipangusa wino kwenye aproni. "Wanajua baba yao anasoma gazeti. Hii maneno ikae hapa kwa hii meza."

"Itakaa hapa," Bartholomew akasema.

Na kweli, kila Jumapili baada ya misa, Nzuki alinunua gazeti akalifungua sebuleni, akazipindua kurasa kwa utaratibu, akitikisa kichwa kwa habari za dunia. Watoto wakileta kazi ya shule alisema, "Soma kwa sauti, nisikie kama umeelewa." Kifungua mimba wake, Wendy, alisoma kwa sauti tangu darasa la kwanza, na kwa kusoma kwa sauti akawa namba moja kila muhula. Huyo mtoto aliamini hakuna mtu msomi Machakos nzima kumshinda babake.

Sasa, pale kiwandani palikuwa na desturi yao. Mwenye kiwanda alikuwa mama mjane ambaye kila mtu alimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na yeye ndiye aliyeianzisha. Siku ya kufunga mwaka kila mfanyakazi anaitwa mbele, anapewa kifurushi chake cha unga wa ngano, mafuta na sukari, na juu yake kadi iliyoandikwa kwa mkono. Si kadi ya kununua yenye maneno ya watu wengine. Ni kadi yenye maneno yako wewe, ya mwaka wako, yenye sifa kidogo na utani kidogo, na lazima uisome kwa sauti watu wasikie. "Kamanthe, mwaka huu umecheka mpaka mikate imeumuka bila hamira." Mambo ya namna hiyo. Watu walicheka wakashika mbavu.

Nzuki akifika zamu yake, kila mwaka, anajipapasa mifuko. "Aiya! Miwani nimeacha nyumbani. Kamanthe, njoo unisomee." Kamanthe anamsomea. Basi. Hakuna aliyewahi kuuliza ni miwani gani hiyo ambayo hata tanurini haijawahi kuonekana. Hiyo ndiyo heshima ambayo watu hupeana bila kuitangaza.

Mwaitu alipofariki, watoto wake wakamfanya Bartholomew meneja. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, miezi tisa kitini, tai mpya shingoni. Kadi alikuwa ameziandika vizuri, wiki mbili nzima mezani kwake, kila jioni. Ya Nzuki ndiyo aliyoiandika kwa moyo kuliko zote, akaichana mara mbili na kuianza upya. Lakini siku yenyewe akafanya makosa ya meneja mgeni. Alikaa na wafanyakazi akaletewa bia, akaona kukataa ni kujitenga. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu. Akashika kipaza sauti. Watu wakacheka, na kila walivyocheka ndivyo alivyoona kila neno linalomtoka ni tamu. Kumbe sehemu ya kicheko kile ilikuwa ya kiti chake. Nani asicheke meneja akitania?

Nzuki akaitwa. Akachukua kifurushi, akachukua kadi, akajipapasa mifuko. "Aiya, miwani..."

"Miwani gani, Nzuki?" Bartholomew akapaaza kwenye kipaza sauti. "Hata nikununulie miwani kumi, utasoma nini, na likizo yako mwenyewe unaweka kidole?"

Kicheko kikapanda, kisha kikakatika kama redio iliyozimwa. Mwaka ule familia zilialikwa. Wendy, miaka kumi na mitatu, alikuwa ameketi mstari wa mbele na sahani ya pilau magotini. Akamtazama babake. Bartholomew aliliona jicho lile la mtoto, na bia yote ikamtoka kichwani kwa mara moja. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Utalishika wapi?

Nzuki hakugomba. Aliitia kadi kwenye mfuko wa koti, akaweka kifurushi mezani. "Asanteni kwa chakula," akasema. Akamshika bintiye mkono wakaondoka. Jumatatu ufunguo wa stoo ya unga ukaletwa na mtu wa boda boda. Mwenyewe hakurudi tena, na alibakisha miaka mingi ya kazi.

Januari ile Bartholomew alikwenda kwake. Wanatoka Kola wote wawili, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine ni mwendo wa kuvuka korongo moja. Alikaribishwa chai. Wakazungumza juu ya mvua, juu ya mahindi, juu ya ng'ombe wa jirani aliyevunja ua. Kila alipofungua mdomo kuomba msamaha, Nzuki alimwongezea chai. Mwishowe akamsindikiza mpaka barabarani. "Msalimie Kamanthe," akasema, akageuka. Bartholomew alikwenda tena mwaka uliofuata, na uliofuata huo. Chai, mvua, mahindi. Ni kutokana na chai hiyo ndipo akajitungia sheria zake. Bia hapana. Kipaza sauti ni cha kuita majina tu. Kupakulia watu, kwa sababu mkono ulioshika kisu cha nyama hauna nafasi ya kushika maiki. Na saa kumi nyumbani, wafanyakazi wabaki wafurahi bila jicho la mkubwa juu yao. Miaka kumi na minane hakuvunja hata moja. Aliheshimiwa sana, na kila Krismasi alirudi nyumbani na moyo mzito.

Wiki mbili kabla ya sherehe hii ya mwisho alivuka korongo tena. Alimkuta Nzuki uani akipura mbaazi, kichwa kimekuwa cheupe, lakini vidole ni vilevile.

"Nimekuja kukualika kwa sherehe," Bartholomew akasema.

"Kadi ya mwaliko iko wapi?"

"Sikuleta kadi. Nimejileta mwenyewe."

Nzuki akapuliza makapi kwenye ungo. "Hapo umefanya vizuri," akasema. "Tutaona."

Tutaona! Mtu mzima akikwambia tutaona, utafanyaje? Bartholomew alirudi akaandika kadi zake arobaini na moja. Wacera alikuwa ametaka zipigwe kwa kompyuta. "Mzee, tutamaliza kwa dakika kumi," alimwambia. Naye akamjibu, "Ndiyo, na watazitupa kwa dakika kumi." Kisha akaandika kitu kingine, karatasi mbili, akazikunja akazitia mfukoni mwa shati. Ilikuwa hotuba yake ya kuomba msamaha. Aliisoma mara nyingi mbele ya Peris, ambaye alisema ni nzuri lakini amtazame Nzuki kwanza kabla ya kuisoma. Hakuelewa mkewe ana maana gani.

Siku ikafika. Hema uani, mbuzi wanne kwenye makaa, muziki si wa makelele sana kwa ombi la mzee. Bartholomew amevaa aproni, anakata mbavu, anapakua. "Wewe ongeza kachumbari. Wewe wa kreti, njoo, usijifiche." Lakini macho yako langoni. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Wacera akamsogelea. "Mzee, unamngoja nani?"

"Mwalimu wangu," akasema, akaendelea kukata.

Saa nane kasorobo, Kamanthe akapiga vigelegele vya kuvunja hema. Langoni alisimama Nzuki, koti la zamani la kijivu, viatu vimepakwa rangi, na kando yake mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kilemba cha manjano. Wendy. Siku hizi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kangundo. Kamanthe alimkumbatia Nzuki, akalia, akacheka, akalia tena. Vijana wakaulizana, "Huyo mzee ni nani?" Hakuna aliyejua. Wengine wote waliokuwapo siku ile wamekwisha staafu au wamekwisha zikwa.

Bartholomew alipanguza mikono kwenye aproni. Akachagua figo mbili akamwekea Nzuki kwenye sahani.

"Bado unakumbuka," Nzuki akasema.

"Ningesahau vipi?"

Wakala. Kadi zikagawiwa, vijana wakasoma zao kwa sauti, kicheko kikazunguka hema lote. Kisha Wacera akamwomba mzee atoe neno la kuaga. Bartholomew akapanda mbele, akashika kile kipaza sauti alichokiogopa miaka kumi na minane, akafungua karatasi. Mstari wa kwanza ulisema: "Mwaka ule, mahali hapa, niliwaambia watu wote kwamba Mzee Nzuki..."

Akaiacha sentensi hapo.

Akainua macho. Akamtazama Nzuki kwanza, kama Peris alivyomwambia. Mzee alikuwa ameketi wima, mikono magotini, kama mtu anayengojea kupigwa. Nyuma yake vijana thelathini na zaidi ambao hawakujua lolote, wengi wameinua simu wanarekodi meneja akiaga. Ndipo Bartholomew alipoelewa. Kuimaliza sentensi ile ni kuitoa siri ya mtu mara ya pili, na safari hii ingeingia kwenye simu thelathini, yote ili yeye astaafu moyo ukiwa mwepesi. Aliona haya, haya kweli, mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote hii alidhani anatafuta kumtua Nzuki mzigo. Kumbe alikuwa anatafuta pa kutua wake.

Akaikunja karatasi akairudisha mfukoni.

"Mimi sina maneno mengi," akasema. "Mkate nilifundishwa na yule mzee pale. Nilimkosea. Kosa ni langu lote, na yeye anajua ni lipi. Mzee Nzuki, nisamehe. Wacera, ukikaa kwa hiki kiti utajua mambo ya watu. Yaache mezani." Akaweka maiki chini.

Vijana walitazamana, hawakuelewa, ila walijua kuna jambo. Nzuki akainuka polepole, akaja mpaka mbele. Akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi ya nailoni iliyokunjwa, na ndani yake kadi, kingo zimegeuka manjano.

"Hii kadi niliitwa nikaichukua," akasema, na sauti yake ilisikika bila kipaza sauti. "Haijasomwa. Sikumpa mtu anisomee, hata mke wangu, hata watoto. Na desturi ya Mwaitu ni lazima isomwe watu wasikie." Akajipapasa mfuko mmoja, akajipapasa wa pili, bila haraka. "Aiya! Na miwani nimeacha Kola. Meneja, hebu nisomee."

Kamanthe alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Bartholomew alimtazama Wendy, hakuweza kujizuia. Wendy alikuwa anatabasamu, macho yamejaa machozi.

"Baba na miwani yake, jameni!" akasema kwa sauti, kwa watu wote. "Tangu nikiwa mtoto anaisahau kila mahali!" Vijana wakacheka, kicheko kizuri cha kumcheka mzee msahaulifu, na Nzuki naye akacheka.

Bartholomew akafungua kadi. Ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe, wa siku alizokuwa na mkono imara, na maneno ambayo alikuwa ameyasahau kabisa. Akasoma:

"Kwa Nzuki. Mwaka huu wamenipa kiti, lakini ulionipa wewe ni mkate, na mkate ulitangulia. Wote wananiita meneja. Mbele ya tanuri mimi bado ni mwanafunzi wako. Sijui kama nimeiva kwa kazi hii. Ukisikia nimekosea, nigonge kama unavyogonga mkate, uniambie ukweli."

Aliandika maneno yale kwa moyo wake wote, akafika kwenye sherehe akamvunja mtu yuleyule, na maneno yenyewe yakakaa gizani ndani ya koti miaka kumi na minane, hayajasikiwa na yeyote.

Nzuki alisogea, akamgeuza Bartholomew kwa bega, akakunja kidole, akamgonga mgongoni, ko ko. Kisha akainamisha kichwa, sikio karibu, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Watu walikuwa wamekwisha anza kucheka, wakidhani ni mchezo wa wazee.

"Ameiva," Nzuki akawaambia.

Saa kumi ilifika, ikapita. Kamanthe alipiga kelele kwamba Bwana Saa Kumi amepotewa na saa. Wazee wawili walikuwa wameketi juu ya magunia ya unga nyuma ya hema, wanakula mkate mkavu bila siagi, na Nzuki alikuwa akilalamika kwamba tanuri hili la umeme halijui kazi.